Mwaka wa Miguu Peku: Niliyojifunza Baada ya Kuwavua Farasi Wangu Viatu

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyesimama bandani na koleo mkononi, kama nilivyosimama mimi mwezi Juni 2022, akitazama viatu vya chuma vilivyolegea miguuni mwa farasi wake na kujiambia kwamba kuving'oa ni kazi ndogo. Kuving'oa ni kazi ndogo kweli, maana mimi na kijana wangu wa mifugo tulimaliza viatu vinane kabla ya saa sita mchana. Kilichonitesa ni miezi kumi na miwili iliyofuata, na sehemu kubwa ya mateso hayo niliyaanzisha mwenyewe katika dakika chache za siku ile ile ya kwanza, kwa kukata mahali ambapo sikupaswa hata kugusa.

Shamba letu liko upande wa Kayenze, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, ambako mteremko wa mawe unashuka mpaka kwenye mchanga wa ziwa. Farasi ni wachache sana huku kwetu; mbung'o na maradhi wanayoyaeneza, pamoja na tauni ya farasi, vimewafanya wafugaji wa kanda yetu washike ng'ombe, mbuzi na punda tangu enzi za babu zetu. Mwaka 2021 nilinunua farasi wawili kutoka shamba moja la Arusha ambalo mwenyewe alikuwa akipunguza mifugo. Almasi ni jike wa rangi ya kahawia, mwepesi, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa. Tufani ni dume aliyehasiwa, mzito wa mwili, mwenye kwato pana na bapa. Nia yangu ilikuwa kuwapandisha watoto ufukweni siku za mwisho wa juma, na biashara hiyo ilikuwa imeanza kulipa chakula cha farasi na mshahara wa kijana.

Wote wawili walikuja wakiwa wamevaa viatu vya chuma miguu yote minne, na walikuwa wamevivaa kwa miaka mingi. Aliyeniuzia alinieleza kwamba viatu hubadilishwa kila baada ya wiki sita hadi nane, kwa sababu ukwato hauachi kukua kama kucha ya mtu isivyoacha, na chuma hakikui pamoja nao. Mwanza sikupata fundi wa kazi hiyo. Niliyempata ni mzee mmoja wa Arusha, na kila safari yake, nikijumlisha nauli, malazi, chakula, viatu na ufundi, ilinifikisha shilingi 380,000. Kwa safari sita za mwaka ni zaidi ya milioni mbili na laki mbili, na biashara yangu haikuwa na nafasi ya fedha hizo.

Mwaka 2022 mzee aliugua, na wiki nane zikawa kumi na tatu. Kwato zilikuwa zimekua mpaka kupita ukingo wa viatu, misumari ilikuwa ikicheza kwenye matundu yake, na kiatu kimoja cha Tufani kilikuwa kimeteleza upande kiasi kwamba ncha ya chuma ilikuwa ikikanyaga wayo wake mwenyewe. Hapo ndipo nilipofanya hesabu iliyoniponza. Baba yangu alifuga punda maisha yake yote, na punda wale walibeba maji kutoka ziwani juu ya mawe haya haya bila kiatu chochote. Niliona kwamba kama punda anaweza, farasi, ambaye ni ndugu yake, atashindwaje?

Nilichokuwa sikijui ni kwamba punda wa baba hakuwahi kuvaa kiatu hata siku moja. Ukwato wake ulisimama wima zaidi na ukuta wake ulikuwa mgumu na mnene kila upande, tena alikuwa amelikanyaga jiwe tangu siku aliyosimama kwa mara ya kwanza. Farasi wangu walikuwa wameinuliwa kutoka ardhini kwa unene wa chuma kwa miaka mingi. Wayo wao haukuwa umezoea kugusa kitu, na ile pembetatu laini iliyo katikati ya ukwato, inayofanana na soli ya raba na ambayo kazi yake mojawapo ni kupokea kishindo cha hatua, ilikuwa imesinyaa kwa kukosa kazi. Visigino vyao vilikuwa vimebanana. Mnyama wa namna hiyo akivuliwa viatu ghafla ni sawa na mtu aliyevaa viatu vya ngozi tangu utotoni ukamwambia leo atembee peku kwenye kokoto.

Tulianza na Almasi. Misumari ya viatu vya farasi hupigiliwa kutoka chini, ikatokeza kwenye ukuta wa ukwato sentimita mbili hivi kutoka ardhini, kisha ncha zake hukunjwa ili zisitoke. Ncha hizo lazima zinyooshwe au zisuguliwe kwa tupa kwanza, ndipo kiatu kiinuliwe kidogo kidogo kuanzia kisiginoni, upande huu na upande ule, kwa kuvutia kuelekea katikati ya ukwato. Kwenye mguu wa kwanza sikuzinyoosha. Nilivuta kwa nguvu, nikasikia mlio kama wa muwa unaochanwa, na kipande cha ukuta chenye upana wa vidole viwili kikabaki kwenye kiatu. Kwa miguu iliyobaki nilitulia, nikasugua kila ncha, na viatu vikatoka bila kuchana kitu.

Kosa kubwa zaidi lilifuata. Nyayo zilizokuwa chini ya viatu zilikuwa chafu, na juu yake palikuwa na tabaka kavu linalovunjika kama magamba. Nilikuwa na kisu kipya cha kwato, kikali, na kila nilipokwangua palitokea weupe safi wa kupendeza. Nikaendelea. Nikapunguza na ile pembetatu ya katikati ili ipate umbo zuri. Kijana wangu aliniuliza mara mbili kama bado tunakata, nami nikamjibu kwamba tunasafisha. Tulipomaliza, kwato nane zilikuwa nyeupe na laini, nami nikazipiga picha kwa fahari.

Asubuhi iliyofuata Almasi aligoma kutoka bandani. Alisimama kwenye mlango, akaunyosha mguu wa mbele, akaugusa mchanga wenye vijiwe kwa ncha ya ukwato, kisha akaurudisha ndani taratibu. Tufani alitoka, lakini alitembea kama anayekanyaga makaa, kichwa kikishuka na kupanda kwa kila hatua. Nilijiambia kwamba watazoea, na ninalikiri neno hilo kwa uchungu kwa sababu nililirudia kwa siku nane nzima, nikiwapeleka malishoni kila asubuhi kwa njia ile ile ya mawe, huku nikiamini kwamba maumivu ndiyo yanayokomaza kwato. Ukwato haukomazwi na maumivu. Farasi anayeumia hujifunza kukanyaga kwa ncha ili kukikwepa kisigino, na akikanyaga hivyo sehemu ya nyuma ya ukwato inazidi kudhoofika.

Siku ya tisa Tufani aliamka akiwa na miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kulia alikuwa ameuning'iniza, na nilipoushika, ukwato ulikuwa wa moto kuliko mwenziwe. Nilidhani amevunjika. Daktari wa mifugo aliyekuja kutoka mjini alinionyesha jambo ambalo sasa ninalifanya kila asubuhi: aliweka vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni, mahali mshipa wa damu unapopita, akanishika mkono na kuniwekea pale. Mshipa ulikuwa ukidunda kwa nguvu, nikausikia bila kuutafuta. Kwenye mguu wa kushoto ilinibidi nitulie muda ndipo niupate. Mdundo wa nguvu kwenye mguu mmoja, pamoja na joto na kuchechemea kwa ghafla, mara nyingi maana yake ni jipu ndani ya ukwato. Mdundo wa nguvu kwenye miguu miwili ya mbele kwa pamoja ni habari nyingine ya hatari zaidi, nayo nitaifikia.

Daktari alibonyeza wayo kwa dole gumba, nao ukabonyea. Alinitazama, asiseme neno kwa muda, kisha akaniuliza ni nani aliyekata. Alitafuta alama nyeusi ndogo kwenye ule mstari mweupe unaouunganisha ukuta na wayo, akaifuata kwa ncha ya kisu mpaka likatokea tundu lisilozidi punje ya mahindi, na kutoka hapo ukaruka uji mweusi wa kijivu wenye harufu ambayo sijaisahau. Tufani alishusha pumzi ndefu na kuuweka mguu chini. Kwa siku tano tuliuloweka ukwato huo katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom, dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini jioni, kisha tukaufunga kwa pampasi ya mtoto na utepe mpana wa gundi ili uchafu usiingie. Pampasi inafaa sana kwa kazi hii, tena inapatikana kila duka.

Swali la pili la daktari lilikuwa juu ya pepopunda. Jina lenyewe linapaswa kutuonya: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa na ugonjwa huo kwa urahisi mno, na tundu dogo la ukwato lililofungwa na uchafu ndiyo njia vijidudu vyake vinavyoipenda. Farasi wangu hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya chanjo. Nilihangaika siku nzima kutafuta kinga, na siku hiyo niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule. Mtu yeyote anayefikiria kuwavua farasi viatu aanze na chanjo ya pepopunda, kabla hata ya kununua koleo. Daktari, dawa za maumivu, kinga na vifaa vya kufungia vilinigharimu shilingi 185,000.

Nilikuwa bado sijampigia simu mzee wa Arusha. Niliona aibu kumwambia kwamba nimeifanya kazi yake bila kumwuliza, na mficha uchi hazai. Nilipompigia, baada ya shikamoo na kumjulia hali, nilimweleza yote pamoja na habari ya kisu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Umewavua viatu, sawa. Ni nani aliyekutuma uwavue na ngozi?"

Alinieleza kwa upole kwamba lile tabaka kavu nililoliona kuwa uchafu ndilo lililokuwa kiatu chao cha kwanza. Farasi anapovuliwa viatu, wayo wake haukatwi hata kidogo na pembetatu haiguswi ila kuondoa vipande vinavyoning'inia. Unene wa wayo wenye afya ni milimita kumi na tano au zaidi. Mimi huenda nilikuwa nimewaachia nusu yake. Juu ya wayo huo hakuna nyama nyingi, kuna mfupa. Aliniambia niwapeleke kwenye mchanga laini, niache njia ya mawe kabisa, na nimtafute fundi wa viatu vya tairi, yaani katambuga.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Kuna viatu maalumu vya kuvaa na kuvua vya farasi wasiopigiliwa misumari, lakini kuviagiza kutoka nje kulikuwa nje ya uwezo wangu. Katika soko moja la mjini kuna fundi ambaye nimenunua kwake katambuga tangu nikiwa shuleni. Nilimpelekea maboksi mawili niliyochora juu yake umbo la kila ukwato wa mbele, nikiwa nimechora asubuhi wakati farasi wamesimama sawasawa kwenye sakafu ya saruji. Aliyageuza maboksi mara mbili akaniuliza mteja wangu amepatwa na nini. Nilipomwambia, aliacha kazi aliyokuwa nayo na kuniomba nikae.

Alikata soli kutoka kwenye tairi la gari dogo, kwa sababu la lori lilikuwa gumu mno kukunjika, akashona kuta za pembeni kwa mpira wa ndani wa tairi, na akaweka mikanda miwili yenye vifungo. Ndani tuliweka soli za kandambili zilizochakaa kidogo, ambazo ni laini na hazinywi maji. Jozi moja ya buti hizo ilikuwa shilingi 35,000. Tulitengeneza jozi mbili, za miguu ya mbele tu, maana miguu ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi. Jozi ya kwanza ilimchubua Almasi nyuma ya kisigino kwa siku tatu kabla sijagundua. Tangu hapo tulimvisha soksi nene chini ya mpira, na kila jioni tukavua buti zote ili kwato zikauke. Buti zikilala na unyevu ndani yake, zinaozesha kile zilichotengenezwa kukilinda.

Mwezi wa Agosti mzee alipata nafuu akaja kukaa nasi siku mbili, si kwa kupigilia viatu, bali kunifundisha. Nililipa zile 380,000 kwa moyo mweupe. Alinifundisha kumtazama farasi kabla ya kushika tupa: kijana anamtembeza kwenye sakafu ngumu, nami nimechuchumaa pembeni, macho usawa wa kwato. Farasi mwenye miguu yenye afya hutua kwa kisigino kwanza au ukwato wote kwa pamoja. Almasi alikuwa akitua kwa ncha, nikaliona kwa macho yangu jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila siku. Alinifundisha kupunguza ukuta pekee, kila baada ya wiki nne, na kuuzungusha ukingo wa chini uwe kama ukingo wa sahani, kwa sababu ukingo mkali hukamatwa na mawe ukachanika. "Piga tupa mara tano, weka mguu chini, tazama," alikuwa akisema, na kila nilipopiga mara ya sita alinishika mkono.

Alinitahadharisha pia juu ya vipande vitakavyomeguka, na nisingetahadharishwa ningeingiwa na hofu. Ukuta ulio chini ya matundu ya misumari ni dhaifu, nao hubanduka vipande vipande mpaka matundu yote yashuke na kuisha. Kwa farasi wangu jambo hilo lilichukua miezi mitatu hivi. Kwato zilionekana mbovu kwa wakati wote huo, majirani walinihurumia, na mmoja alinishauri niwauze.

Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyenipa njia ya kuvumilia. Alichukua rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, akachora mstari mwembamba kwenye ukuta wa ukwato wa Almasi pale unapokutana na nywele. Kila mwisho wa mwezi tulipima kwa rula ya shule. Mwezi wa kwanza mstari ulishuka milimita nane, wa pili tisa. Ukuta wa mbele wa Almasi una urefu wa sentimita nane, kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi mbele yetu: hadi ukwato mpya wote ushuke kutoka kwenye nywele mpaka ardhini ni miezi tisa au kumi, na hakuna dawa ya kupaka ambayo ingeufupisha muda huo. Tangu siku hiyo niliacha kununua mafuta ya kwato.

Nilirudi pia kwenye chakula. Nilikuwa nikiwapa pumba za mahindi kilo tatu kwa siku kila mmoja, zilizochanganywa na molasi, na watoto wa jirani walikuwa wakiwaletea michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa mapenzi. Vyote hivyo ni wanga na sukari. Ng'ombe anavihimili, lakini kwa farasi wanga mwingi unaweza kuvuruga utumbo na kuwasha moto ndani ya kwato, katika ule utando unaoushikilia ukuta kwenye mfupa. Huo ndio ugonjwa niliosema nitaufikia: farasi anaegemea nyuma, kwato zote mbili za mbele zina joto na mishipa inadunda, na ukichelewa kumwita daktari mfupa unaweza kuhama mahali pake. Almasi alikuwa na mistari kama mawimbi kwenye ukuta wa ukwato, na mzee alisema mistari ya namna ile mara nyingi husimulia chakula cha miezi iliyopita. Nilisimamisha molasi na michembe siku hiyo hiyo na pumba nikazipunguza mpaka zikaisha katika wiki mbili. Mahali pake ziliingia nyasi kavu, kilo saba au nane kwa siku kwa farasi wa kilo 400, pamoja na madini yenye zinki na shaba, na vitamini iitwayo biotini, miligramu 20 kwa siku, ambayo faida yake huonekana kwenye sehemu mpya inayokua tu, kwa hiyo hupimwa kwa miezi. Hapa niongeze onyo ambalo haliko mbali na jambo letu, kwa sababu mtu anayebadilisha chakula hushawishika kuokota kilicho karibu: farasi asipewe kamwe chakula cha kuku wala cha ng'ombe ambacho huna hakika nacho, maana baadhi huwekwa dawa iitwayo monensini, nayo kwa farasi ni sumu ya moyo.

Mazoezi yalianza kwa dakika kumi. Kila alfajiri, kabla wavuvi hawajatandaza dagaa, tuliwaongoza kwa kamba kwenye mchanga ulioshikana karibu na maji, bila mtu mgongoni. Baada ya wiki tatu tukafika nusu saa. Mwezi wa pili wa mazoezi tukaongeza kipande cha barabara ya moramu wakiwa na buti, kisha kipande kifupi bila buti, na alama yangu ilikuwa moja: farasi akifupisha hatua, tumefika mwisho kwa leo. Watoto hawakupanda mpaka mwisho wa Septemba. Miezi mitatu bila mapato ilikuwa migumu, na mwezi mmoja nilimlipa kijana mshahara wake kwa kuuza mbuzi wawili.

Mvua za vuli zilipoanza mwezi Oktoba nilidhani magumu yamekwisha. Mbele ya lango letu kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, na farasi walikuwa wakisimama humo wakisubiri chakula. Katika wiki ya tatu nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Kwenye mfereji ulio katikati ya pembetatu ya Tufani palikuwa na uji mweusi unaonata, na ndoano ya kusafishia ilizama kuliko kawaida. Ulikuwa uozo wa kwato, unaoletwa na unyevu na uchafu. Nilikimbilia mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, ambao kwa kiasi kidogo unasaidia, lakini niliukoroga mzito nikaujaza mfereji wote, na Tufani akarusha teke. Mrututu mkali huunguza na nyama iliyo hai. Daktari alinielekeza nisafishe kwa maji yenye chumvi, nikaushe, nipake iodini iliyopunguzwa kwa pamba iliyosokotwa nyembamba, na zaidi ya yote nimpatie mahali pakavu pa kusimama. Tulitandika maranda bandani, tukayabadilisha kila yalipolowa, na baada ya wiki mbili mfereji ulijaa tena nyama safi.

Pakavu pa kusimama langoni nilipapata kwa gharama ya mara mbili. Niliagiza lori la kokoto kutoka kwa akina mama wanaoponda mawe, shilingi 160,000 pamoja na usafiri, nikazimwaga pale matopeni. Zilizuia matope vizuri, lakini kokoto ya kuponda ina makali pande zote, na kwa nyayo zinazoota upya yalikuwa mateso yale yale ya mwezi Juni. Kokoto zile sasa ziko chini ya msingi wa banda la kuku. Mahali pake nilimwaga changarawe ya mviringo, iliyosuguliwa na maji, ya ukubwa wa punje ya njugumawe, iliyofika kwa shilingi 140,000, unene wa kiganja kimoja, pale langoni na kuzunguka birika la maji. Farasi wakisimama hapo kunywa, vijiwe vinajaa ndani ya ukwato na kuubeba wayo kila upande. Mzee aliniambia kwamba Wagiriki wa kale, karne nne kabla ya Kristo, walikwisha kushauri kumwaga mawe ya mviringo kwenye uwanja wa zizi kwa sababu hiyo hiyo. Nimewakuta farasi wote wawili wakilala hapo mchana ingawa kuna mchanga mtupu hatua kumi pembeni.

Nikijumlisha daktari, buti, tupa na kisu vilivyonigharimu 110,000, mawe ya aina zote mbili, na safari ya mzee, nilitumia shilingi 1,045,000 bila kuhesabu mapato niliyoyakosa wala mbuzi. Ni chini ya nusu ya gharama ya viatu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipia makosa ambayo msomaji wa maneno haya hana sababu ya kuyarudia.

Kufikia Aprili 2023 mstari mwekundu wa binti yangu ulikuwa umefika ardhini kwa Almasi. Sasa anatembea peku kwenye moramu na lami, akiwa na mtoto mgongoni, na anatua kwa kisigino. Tufani hakufika huko. Kwato zake ni bapa kwa maumbile, wayo wake umenenepa lakini si wa kutosha kwa njia ya mawe, na nimekubali kwamba huenda hautatosha kamwe. Mzee anasema kuna farasi wanaohitaji chuma, hasa wa kazi nzito ya barabarani au wenye ugonjwa wa miguu, na kwamba iwapo Tufani ataanza kuumia hata akiwa na buti, nisione haya kumrudishia viatu. Kwa sasa anatembea peku mchangani na anavaa buti kila tunapopita kwenye mawe.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi boksi jipya kwa ajili ya jozi yake ya tatu. Fundi alilitoa boksi la kwanza, la Julai 2022, ambalo alikuwa amelitundika ukutani, akaliweka juu ya hili jipya na kulilinganisha kwa ncha. Mbele yalikuwa sawa. Nyuma, penye kisigino, boksi jipya lilijitokeza kila upande kwa unene wa kidole changu cha mwisho, naye akachukua penseli kutoka sikioni na kuanza kuchora upya kwenye tairi.